Mti Aliopanda Varden

Martvili, 21 Novemba 2010

Mwanangu Tsiuri,

Nakusalimu wewe, na yule bibi unayemtunza huko Bari, ambaye sasa namhesabu kama jirani yangu kwa jinsi unavyonipa habari zake. Huku hatujambo. Ng'ombe amezaa jike, paa la jikoni lilivuja na limezibwa, na Shura wa ng'ambo ya uzio bado anakuja kila asubuhi kuhakikisha kwamba sijafa. Jana alinitazama akasema, "Domenti, umekonda hata mbwa wako anakubwekea." Nilimwambia mbwa huyo alikuwa akimbwekea yeye.

Simu uliyopiga niliishika, lakini nilisikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Nikajibu ndiyo mara nne au tano, na sijui nimekubali nini. Tuendelee na karatasi, na Bezhani aendelee kuzibeba kwenye basi lake pamoja na jibini za watu.

Tumemaliza kuvuna zabibu zetu za ojaleshi juzi. Wenzetu wa mashariki divai yao imeshatulia mitungini, sisi bado tunangoja majani yadondoke na baridi ya kwanza ipite. Vichala ni vidogo mwaka huu, vyeusi sana. Mimi nilikaa kwenye kiti na kuelekeza kwa fimbo. Hakuna anayepanda mti kuvuna tena, unajua. Mizabibu yangu yote iko kwenye waya tangu zamani.

Sasa harusi ya Malkhazi. Mwanao amekuja na mchumba wake, msichana wa watu, macho makavu, anakula vizuri. Wamesema Oktoba ijayo. Nimeshapanga meza kichwani. Soseji kali za kupati zilizonyunyiziwa punje za komamanga. Nyama ya ng'ombe katika mchuzi wa jozi. Ugali wa jibini, ule unaovutika mpaka mtu asimame ili aukate. Na vyote hivyo kwa ojaleshi, si kwa zile divai za dukani. Ojaleshi ina utamu mdogo nyuma ya ukali wake, ndiyo maana haiogopi pilipili. Divai kavu ukiinywa na kupati ni kama kujipaka chumvi kwenye kidonda.

Wameniomba niwe msemaji wa meza, anayeongoza glasi. Nimekubali kwa sharti moja, nalo nakuuliza wewe kwanza. Glasi ya tatu, ile ya wafu, nataka niinyanyue kwa ajili ya marehemu baba yako.

Nijibu kwa Bezhani.

Baba yako mkubwa,
Domenti

*

Bari, 12 Desemba 2010

Baba Mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima na nakutakia afya. Mimi mzima. Mgongo unauma kwa kumwinua Signora Addolorata kitandani, ila ni mwepesi sasa, kama kuku aliyenyonyolewa. Uliniuliza wanakunywa nini huku. Yeye ana divai yake moja tu, ya zabibu iitwayo susumaniello. Anasema mzabibu wake ukiwa mchanga huzaa sana hata punda mmoja hatoshi kubeba. Ni nyeusi, ukiinamisha glasi huoni vidole. Jumapili namkaangia vipande vya nyama ya farasi vilivyokunjwa na jibini na kitunguu saumu, napika kwa nyanya saa tatu nzima. Yeye anakula vijiko viwili na kunywa vidole viwili vya divai, kisha ananiambia mimi ni mjinga kwa sababu sinywi. Namwambia nina sababu zangu. Anasema hakuna sababu.

Kuhusu glasi ya tatu, hapana.

Tafadhali usinikasirikie. Unajua kijijini kwetu anayepanda mti kuvuna hagusi divai mpaka tenga la mwisho lishuke. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Baba alilivunja, na tangu hapo jina lake halinyanyuliwi mezani. Mama aliishi na jambo hilo miaka ishirini na tano. Alikwenda kisimani saa ambayo wengine hawaendi. Sasa wewe uliinue jina lake mbele ya wakwe, halafu mjomba mmoja wa bibi harusi aulize ni nani huyo, na mwingine amnong'oneze kwamba ndiye yule mlevi aliyeanguka mtini? Malkhazi anaingia kwenye ndoa kwa aibu hiyo? Acha. Nyanyua kwa ajili ya marehemu wote, na yeye atakuwa humo ndani, bila kutajwa.

Ila kuna jambo sijawahi kukuuliza, na wewe peke yako ulikuwa naye pale. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi ile baba alinifunga kitambaa kichwani kabla sijaenda shule, uso wake ukiwa karibu kabisa na wangu. Alinukia sabuni. Nimeikumbuka harufu hiyo mara nyingi, na kila mara ni sabuni.

Alikunywa kiasi gani?

Nimekutumia soksi za sufu na dawa ya viungo. Usimpe Shura.

Wako,
Tsiuri

*

Martvili, 16 Januari 2011

Mwanangu Tsiuri,

Heri ya mwaka mpya na ya Krismasi yetu iliyopita. Soksi zimenienea. Shura ameiona dawa na sasa magoti yake yote mawili yanauma.

Umenifurahisha na habari za susumaniello. Nyama ya farasi sijaila tangu jeshini, na sikujua kama ni nyama. Lakini nimewaza: divai nyeusi namna hiyo, nyama iliyopikwa saa tatu, hapo bibi yako ana akili. Nyanya zina uchachu, kwa hiyo divai lazima nayo iwe na uchachu wake, la sivyo italala. Huku kwa majirani zetu wa Guria wana chkhaveri, nyekundu nyepesi, karibu waridi, ambayo zamani ilipanda miti kama yetu. Hiyo usiipe nyama. Ipe samaki wa mtoni aliyekaangwa mzima, au kile kitumbua chao cha Krismasi chenye yai ndani. Nilipokuwa nikizunguka wilayani kwa kazi ya ugani, kulikuwa na mzee mmoja aliyenikatalia kabisa kunipa chkhaveri mpaka mkewe alete samaki. Tukangoja samaki avuliwe. Tulingoja tangu asubuhi hadi alasiri, tukizungumza habari za ukungu wa majani.

Kuna theluji hadi dirishani. Ndama anaendelea vizuri.

Malkhazi anakusalimu.

Domenti

*

Bari, 20 Februari 2011

Baba Mkubwa,

Nakuamkia. Signora alikuwa na homa ya mapafu, amepona. Malkhazi ananiambia umepelekwa Kutaisi kwa daktari mara mbili. Wewe umeniandikia habari za ndama.

Nilikuuliza habari za baba, umenijibu habari za samaki.

Umenilea kama mwanao baada ya yeye kufa. Ulinilipia shule, ulinisindikiza kwa mume, na ulimzika mama wakati mimi nimekwama huku bila karatasi, kwa sababu nikitoka siruhusiwi kurudi. Sijawahi kukudai kitu. Nakudai hiki.

Tsiuri

*

Martvili, 27 Machi 2011

Mwanangu Tsiuri,

Nakusalimu. Ng'ombe mzima, ndama mzima, mipichi imechanua. Habari za nyumbani zimeisha hapo.

Daktari wa Kutaisi ni kijana, alikuwa akitazama karatasi zake wakati anasema nami. Nilimwomba aniandikie kwa kuwa sisikii. Aliandika neno moja, na chini yake akaandika nisipange mambo ya mwaka kesho. Kwa hiyo barua hii nimeianza mara nyingi na sasa lazima niimalize. Nimeandika ripoti maisha yangu yote. Nitaiandika kama ripoti, maana nikiiandika kwa namna nyingine nitaanza kujitetea.

Mwaka 1982 wakubwa walikuwa wakiamua kila wilaya ibaki na zabibu zipi na zipi zing'olewe. Ojaleshi ilikuwa hatarini. Ilizaa kidogo, ilichelewa, na miaka ya mvua sukari yake ilikuwa chini. Mimi nilikuwa bwana shamba, nina shahada, nina kipimo cha sukari mfukoni. Nilitaka kuwaonyesha namba nzuri. Kwenye uwanja wa nyumba yenu palikuwa na mforosadi mkubwa, na mzabibu wa babu yetu ulikuwa umeupanda hadi kileleni. Nikawaza kwamba mforosadi ndio unaoinyima zabibu jua na maji. Ukidhoofika kidogo, ukamwaga majani mapema, vichala vitaiva.

Mwezi wa Juni, siku ambayo baba yako na mama yako walikuwa sokoni Zugdidi, nilibandua gome la mti ule, mviringo mzima, upana wa kiganja, chini kabisa, pale majani marefu yanapofika. Kisha nikaziba kwa udongo na majani ili asione. Sikumwambia, kwa sababu angekataa. Alikuwa akisema mti na mzabibu ni mume na mke na mtu wa nje hana la kuwaambia.

Vuli ile sukari ilipanda. Nilisifiwa. Namba hiyo iliandikwa kwenye taarifa yenye jina langu. Ojaleshi ya wilaya yetu haikung'olewa, na sijui kama ni kwa sababu ya namba ile au la. Nimejiambia miaka yote kwamba ni kwa sababu yake.

Mwaka uliofuata mti ulitoa majani madogo kama kucha. Kufikia Agosti ulikuwa mtupu. Nilijua maana yake, Tsiuri. Shuleni nilifundisha vijana maana yake. Mti uliobanduliwa gome mviringo hufa umesimama, na mbao zake hukauka kuanzia juu.

Tarehe kumi na tisa Novemba 1983 tulikwenda kuvuna. Baba yako alikuwa na kamba begani na lile tenga refu mgongoni. Alizunguka mti akautazama, akagonga kwa vidole. Akasema, "Kaka, mbona huyu mwaka huu alivua nguo mapema hivi?"

Nikamwambia, "Ukame. Panda."

Akacheka, akasema, "Haya. Msomi ni wewe."

Akapanda. Hakuwa amekunywa hata tone. Hilo ndilo jibu la swali lako, na umengoja miaka ishirini na saba kulipata.

Alijaza tenga moja, akalishusha kwa kamba, nikalipokea. Nadhani alikuwa amefika tawi la tatu. Mti mbichi hulia kabla haujavunjika, humpa mtu nafasi. Ule haukulia. Ulikatika kama mfupa wa kuku.

Nilipomfikia alikuwa anapumua. Nilikimbia ndani nikatoka na bakuli la divai, kwa sababu sikujua la kufanya na ndicho kitu mkono wangu ulichokuta. Nilimnyanyua kichwa nikajaribu kumnywesha. Hakumeza. Ilimmwagikia yote kifuani. Nilikuwa ningali nimeshika bakuli alipokufa.

Kisha watu wakaja, na Kotsia, aliyekuwa kiongozi wetu wa kikosi shambani, akainama, akanusa shati. Akaniuliza, "Alikunywa?"

Hapo ndipo, mwanangu. Mti ningeweza kuuita kosa. Hapo haikuwa kosa. Nilimtazama Kotsia, nikautazama udongo niliozibia chini ya shina, nikasema, "Kidogo. Asubuhi."

Siku ya tatu niliukata mti ule mwenyewe, nikang'oa kisiki, nikachoma kila kitu. Watu walisema ni majonzi. Mama yako alikuja nikiwa bado nachoma, akaniletea mkate na jibini, akanishukuru kwa kumwondolea mti ule mbele ya macho. Nikapokea. Nikala, amesimama hapo.

Nilikulipia shule. Unajua sasa nilikuwa nalipa nini.

Sikuombi kitu.

Domenti

*

Bari, 19 Juni 2011

Baba Mkubwa,

Bezhani amekuja na kurudi mara tano tangu alete barua yako. Kila mara alikuwa akiuliza kama nina bahasha ya kumpa, nami nikimwambia sina.

Barua yako niliisoma mara moja. Sikuweza mara ya pili. Niliiweka ndani ya sufuria ambalo situmii, nikalifunika.

Sikumwambia Malkhazi. Si kazi yangu kumwambia. Uongo wako hukuniambia mimi, mimi nilikuwa shuleni. Uliwaambia Kotsia na watu waliosimama pale. Kawaambie wao. Kawaambie kwa mdomo wako, wakiwa wamekaa mezani, si kwa barua, si kwa kumtuma padri ukishakufa. Mama hakuwa na hatia yoyote, na alikuwa akienda kisimani peke yake.

Siwezi kukusalimia leo. Nimejaribu mwanzoni mwa barua, haikutoka.

Tsiuri

*

Martvili, 30 Agosti 2011

Mwanangu Tsiuri,

Kama bado naruhusiwa kukuita hivyo, nakusalimu.

Mkono wangu hauandiki vizuri, nivumilie. Shura amenikalisha na mito.

Juzi ilikuwa sikukuu ya Mama Maria. Meza ziliwekwa uani mwa kanisa kama kila mwaka, wanakijiji wote. Malkhazi alinibeba kwenye kiti, akidhani nataka kuaga watu. Nilingoja mpaka glasi ya marehemu ilipofika, nikaomba kusema.

Nilisema yote. Gome, udongo, ukame, bakuli, shati. Sikuacha kitu. Kotsia ana miaka themanini na sita na ni kiziwi kunizidi, akawa anakinga sikio na kusema, "Nini? Sema vizuri." Ikabidi nirudie mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi. Mara ya tatu nilipiga kelele, mbele ya watoto na wakwe, kwamba Varden hakunywa, kwamba nilimpandisha mti niliouua mwenyewe. Nadhani walisikia mpaka mtoni.

Kisha Shura akaanza kulia, akasema mama yako, Nargiza, alimjia mwaka ule kuazima chumvi, naye akamwambia hana, na ilikuwepo rafuni nyuma yake. Mwingine akasema lake. Niligundua kwamba kila mtu pale alikuwa na kitu kidogo alichomfanyia mama yako, na kila mmoja alikuwa amekitunza.

Kotsia alisimama. Alisimama bila fimbo. Akaniambia, "Domenti, tumemnyima mtu glasi yake kwa neno lako miaka ishirini na minane." Akaijaza yake, akalitaja jina la baba yako kwa ukamilifu, Varden mwana wa Severiane Shonia, akasema alipanda akiwa safi. Wanaume wote wakasimama, wakarudia: alipanda akiwa safi. Wakanywa. Ilikuwa ojaleshi yangu mwenyewe, na mezani kulikuwa na kupati na mchuzi wa jozi, kila kitu mahali pake. Glasi zikajazwa tena kuzunguka meza. Walipofika kwangu waliiruka yangu.

Malkhazi alinirudisha nyumbani. Alinilaza, akanifunika miguu, akaondoka. Hajarudi. Harusi ni tarehe mbili Oktoba kama ilivyopangwa, na msemaji wa meza atakuwa mtoto wa Kotsia. Glasi ya tatu ni ya Varden. Wamekubaliana.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nimekuandikia kwa sababu uliniagiza, si ili unijibu.

Domenti

*

Njiani, karibu na Trabzon, 27 Septemba 2011

Baba Mkubwa,

Nakuamkia.

Naandika kwenye goti, ndani ya basi la Bezhani, kati ya maboksi. Wenzangu wawili wamelala. Mpakani Ugiriki walinipiga muhuri wa kutorudi Italia kwa miaka mitano. Afisa alinieleza mara mbili, polepole, akidhani sijaelewa. Binti wa Signora ameshapata mwanamke mwingine wa kumtunza. Signora alinishika mkono akaniuliza nani atampikia Jumapili, nikamwambia yule mpya anajua, ingawa hajui.

Malkhazi alinipigia juma lililopita. Tulizungumza muda mrefu. Amesema hujatoka kitandani kwa wiki mbili, na kwamba Shura anakunywesha mchuzi kwa kijiko. Nilimuuliza kama amekuja kukuona. Amesema anakuja kila siku, anasimama mlangoni, wewe umelala, anaondoka. Nimemwambia aingie.

Usidhani nimekusamehe. Njia nzima tangu Bari nimekuwa nikitafuta neno hilo na silioni. Nakumbuka ukinifundisha kuendesha baiskeli, halafu nakumbuka mkate na jibini ya mama, halafu baiskeli tena. Vyote ni wewe. Sijui mtu anafanya nini na vitu kama hivyo.

Nimeandika kurasa nyingi tangu Juni, na sikumpa Bezhani hata moja. Ziko hapa kwenye mkoba. Zipo nilizoandika nikilia, na zipo nilizoandika nikiwa na hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Sikutaka zikufikie kwa mkono wa mtu mwingine.

Bezhani anasema kesho jioni tutakuwa Martvili, barabara ikiwa wazi. Nakuomba ungoje. Nikikukuta, nitakaa kando ya kitanda nikusomee zote, mdomo sikioni. Nisipokukuta, nitakusomea vilevile, palepale ulipolazwa. Na kuna sehemu humo ninapokutukana, nazo sitaziruka.

Tsiuri